Sura ya Tano: Kosa Hilo Linaitwaje?

Kila ninapofundisha Kiswahili hapa Kampala, mwanafunzi awe askari polisi, wakili kijana au mama muuza nguo wa Owino, swali moja halikosi: mwizi na mnyang'anyi wana tofauti gani, ikiwa wote wawili wamechukua mali ya watu?

Wenye haraka hutaka orodha: Kiingereza safu ya kushoto, Kiswahili safu ya kulia. Vijitabu vya namna hiyo viko vingi duniani. Safu hizo zinasaidia kufaulu mtihani. Kizimbani hazitoshi, kwa sababu jina la kosa ni kama kifurushi: ndani yake mna mambo mawili, matatu au manne ambayo lazima yote yathibitishwe. Anayetafsiri jina bila kufungua kifurushi anaweza kumfunga mtu kwa neno moja.

Nianze na simu.

Simu ya abiria

Tuseme kijana wa bodaboda amempakia mama mmoja kutoka Wandegeya hadi Ntinda. Wamepatana shilingi 5,000. Wanapofika, mama anashuka, anapapasa mkoba, kisha anasema: "Ssebo (bwana), nitakutumia jioni." Kijana anamjibu: "Nyabo (bibi), mafuta silipii jioni." Wanavutana kwa maneno. Mwisho kijana anaichukua simu iliyo mkononi mwa mama na kuwasha pikipiki: "Njoo stejini na pesa yangu, utaikuta."

Siku ya tatu kijana amesimama kizimbani. Juu ya meza ya karani kuna bahasha ya kaki yenye namba ya kesi, na ndani yake ile simu, kioo kimepasuka pembeni. Hakimu anasema kwa Kiingereza, maana hiyo ndiyo lugha ya mahakama zetu. Karani anageuza kwa Kiganda. Asubuhi hiyo ana mashauri mengi, kwa hiyo anafupisha: unashtakiwa kwamba ulichukua simu ya nyabo huyu, ni kweli? Kijana hasiti: "Kweli, nilichukua."

Kwake yeye amesimulia kilichotokea. Lakini neno lake likirudi kwa Kiingereza na kuandikwa, linaweza kuonekana kama kukiri wizi, kosa ambalo sheria ya Uganda inalipa kifungo cha hadi miaka 10.

Kanuni ya Adhabu, yaani sheria inayoorodhesha makosa ya jinai na adhabu zake, imekuwa ikitumika Uganda tangu Juni 1950. Humo, kuiba ni kuchukua kitu kwa hila na bila madai ya haki. Kuchukua peke yake hakutoshi. Hila ni nia mbaya, kwa mfano kukusudia kumnyima mwenyewe kitu chake moja kwa moja. Madai ya haki ni pale mtu anapoamini kwa dhati kwamba anastahili kile alichokichukua. Je, kijana wetu aliamini hivyo? Huenda hakimu atakubali, huenda atakataa. Sisemi alitenda vyema kujichukulia simu ya mtu. Nasema kwamba swali lenyewe halikufika masikioni mwake, kwa kuwa karani alipofupisha sentensi alilikata.

Neno linalopigiwa kelele

Turudi kwenye swali la wanafunzi wangu. Mtu akichomoa pochi kutoka mfuko wako ndani ya Old Taxi Park usihisi kitu, huo ni wizi. Akikusukuma, akikukaba au akikutishia kwamba atakuumiza ili aipate, au ili aondoke nayo, huo ni unyang'anyi. Katika unyang'anyi mna wizi ndani yake, ukaongezewa nguvu au tishio, na nguvu hiyo iwe imetumika wakati wa kuiba, au punde kabla yake, au punde baada yake. Ile simu inayonyakuliwa dirishani wakati gari limekwama kwenye foleni ya Jinja Road inaweza kuangukia upande huu au ule, kutegemea mkono wa mnyakuzi ulifanya nini.

Zipo ngazi za juu zaidi. Panapotumika silaha ya kuua, Uganda huhesabu unyang'anyi huo kuwa mzito, na adhabu yake ya juu ni kifo. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2007 yaliingiza hata silaha ya bandia: bastola ya plastiki inayomtetemesha mwenye duka usiku inahesabiwa. Zamani jaji alilazimika kutoa hukumu ya kifo akishamwona mtu ana hatia ya kosa hilo, asiweze kupima jambo jingine lolote. Januari 2009 Mahakama ya Juu iliuondoa ulazima huo, katika kesi iliyofunguliwa na Susan Kigula na wafungwa wenzake zaidi ya 400 waliokuwa wamehukumiwa kunyongwa. Tangu hapo jaji ana nafasi ya kumsikiliza mtu kabla ya kutamka adhabu. Umbali kutoka wizi hadi unyang'anyi mzito ni umbali kutoka miaka 10 hadi kitanzi, na katikati kuna mkalimani.

Kiswahili chenyewe hakijakubaliana jina. Tanzania husema unyang'anyi wa kutumia silaha. Kenya husema wizi wa mabavu. Msikilizaji wa Kampala anayapata majina yote mawili redioni na kudhani ni kitu kimoja. Si kimoja kabisa: kosa la Kenya linatimia hata kama hapakuwa na silaha, mradi wanyang'anyi walikuwa wawili au zaidi. Ukichukua jina la Nairobi kutafsiri hati ya mashtaka ya Kampala, umebeba na sheria ya Nairobi bila kujua.

Kiganda nacho kina *okubba*, kuiba, na *okunyaga*, kupora. Lakini barabarani vyote humezwa na neno moja. Mtu akipaza sauti "Omubbi!" watu hawaulizi kama ni wizi au unyang'anyi, kama palikuwa na madai ya haki au hapakuwa. Wanaokota mawe. Nimekwisha kuona umati ukikusanyika kwa neno hilo moja, na mpaka leo nikilisikia mwili unanisisimka. Mahakama imewekewa taratibu zake za polepole ili kazi ya kutaja kosa isifanywe kwa namna hiyo.

Lugha iliyokuja na bunduki

Hapa wanafunzi wangu huniuliza jambo jingine, mara nyingi kwa sauti ya chini: si Kiswahili chenyewe ndicho lugha ya wezi?

Wazee wa Buganda hawakuokota wazo hilo hewani. Katika miaka ya 1960 Kampala ilitishwa na majambazi wenye silaha walioitwa *bakkondo*, na kondo kwa Kiswahili cha kale ni vita. Idi Amin alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, wakati watu walikuwa wakikisikia zaidi kinywani mwa wanajeshi. Uhaba wa bidhaa ulipouma, neno lililotawala soko lilikuwa magendo. Waliogawiwa maduka ya Waasia waliofukuzwa mwaka 1972 waliitwa mafuta mingi. Katika miaka ya 1980 operesheni za kuwakusanya watu mitaani ziliitwa panda gari, kwa sababu hiyo ndiyo amri iliyotoka: panda gari. Waliopandishwa si wote waliorudi. Mzee aliyempoteza mwanawe namna hiyo akikunja uso anaposikia Kiswahili, sina haki ya kumwambia amekosea.

Lakini tazama ni upande gani wa lugha aliopewa. Alipewa amri, hakupewa haki. Alifundishwa "simama" na "toa kitambulisho", hakufundishwa dhamana, wakili, wala kukana shtaka. Katiba ilipofanyiwa mabadiliko mwaka 2005, Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaagiza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Kama kweli tunakirudisha darasani, basi turudi nacho kizima, pamoja na yale maneno ambayo vizuizi vya barabarani havikuyatamka.

Kwa wanaoanza, haya manne husaidia sana, maana hata magazeti huyachanganya:

- Mtuhumiwa: anashukiwa tu. Polisi wanaweza kumshika, lakini Katiba inataka afikishwe mahakamani ndani ya saa 48.
- Mshtakiwa: amesomewa shtaka. Bado anahesabiwa hana hatia.
- Mahabusu: yuko ndani akisubiri kesi, hajahukumiwa.
- Mfungwa: amekutwa na hatia na anatumikia kifungo.

Kiganda kina picha nzuri ya hatua ya mwisho. Mtu akikutwa na hatia husemwa *omusango gumusinze*, kesi imemshinda, au hata *gumusse mu vvi*, imemuua gotini. Ni usemi wa kuumiza, lakini mkweli. Unakumbusha kwamba kabla ya hapo kulikuwa na pambano, na kwamba mtu aliyesimama wima hajaanguka bado.

Ahadi si utapeli

"Amenitapeli!" ni kilio cha kila siku cha mji huu, na cha Kiganda ni *omufere*, tapeli. Watu hukimbilia polisi kwa sababu ndugu alikopa akasema atalipa mwisho wa mwezi, asilipe. Mara nyingi hurudishwa nyumbani, nao huondoka wakiamini polisi wamehongwa.

Sheria ya kujipatia mali kwa udanganyifu inataka uongo kuhusu jambo lililokwisha kuwapo au lililopo sasa, na msemaji awe anajua kwamba anadanganya. Anayekuuzia kiwanja cha Gayaza akisema ni chake, na kumbe anajua ni cha mjane wa jirani, amesema uongo kuhusu jambo lililopo. Huyo ni tapeli kisheria. Anayesema "nitalipa Desemba" anazungumzia jambo lisilokuwapo bado. Asipolipa, ana deni, nalo hudaiwa kwa kesi ya madai. Kwa hiyo unapoandikisha maelezo, mweleze askari kile ambacho mtu huyo alikuambia siku ile kuhusu siku ile. Ukisema tu "alinitapeli", umempa hukumu yako, na ushahidi umebaki nao tumboni.

Usiku nao una kipimo chake. Kuvunja nyumba mchana kwa nia ya kutenda kosa ni kuvunja nyumba. Tendo lile lile usiku Kiingereza hulipa jina jingine, na adhabu hupanda. Majirani zetu wa Kenya wameuandika usiku huo kwa dakika: kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni hadi saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kiswahili hakihitaji neno jipya hapo. "Kuvunja nyumba usiku" kunatosha, mradi mfasiri asilidondoshe neno usiku.

Kuua pia hukatwa vipande viwili. Sisi tunasema kuua kwa kukusudia na kuua bila kukusudia, na Waganda wana *okutemula* kwa kule kwa kukusudia. Hapa lugha zetu zimefanya kazi safi, kwa kuwa zimeweka nia ndani ya jina, mahali ambapo hata asiyesoma ataiona.

Chakula kisichoiva

Kuna kosa moja ambalo lugha zetu zimelifanyia vibaya, na nitakaa hapa.

Sheria ya Uganda inasema kulala na mtoto aliye chini ya miaka 18 ni jinai, na ridhaa yake haihesabiwi. Adhabu ya juu ni kifungo cha maisha. Mtoto akiwa chini ya miaka 14, au mtendaji akiwa mzazi wake au mlezi wake, au akiwa na virusi vya UKIMWI, au mtoto akiwa na ulemavu, kosa huwa zito zaidi na adhabu ya juu ni kifo.

Sasa sikiliza linavyotajwa. Kwa Kiganda, redioni na magazetini, huitwa *okujjula ebitannaggya*: kupakua chakula kabla hakijaiva. Usemi huu ulitungwa na watu wenye staha, ili jambo la aibu lisitajwe mbele ya wakwe na watoto. Naiheshimu staha hiyo. Lakini weka picha hiyo mezani uitazame. Kuna sufuria, kuna matooke yaliyofunikwa kwa majani ya mgomba, kuna mtu mwenye njaa aliyekosa subira. Kosa lake ni la saa tu. Angengoja kidogo, chakula kingekuwa chake. Na mtoto yuko wapi katika picha hii? Mtoto ndiye chakula. Hana mdomo wa kusema hapana, hana maumivu.

Kiswahili hakina cha kujivunia hapa. Kenya hutumia kunajisi. Najisi ni uchafu unaomzuia mtu ibada mpaka atawadhe au aoge. Neno hilo linabandika uchafu kwa mtoto aliyetendewa, na binti anayelisikia likisomwa mbele ya watu huinamisha kichwa kana kwamba shtaka ni lake. Baadhi ya walimu hupendelea kuharibu mtoto, na hilo nalo linasema mtoto sasa ni kitu kibovu.

Nimejaribu darasani kutumia kumbaka mtoto. Ni neno kali, halina maua, na linaweka tendo kwa mtendaji. Mwanasheria ataniambia kwamba kubaka ni kosa jingine, lenye kipengele cha kukosekana kwa ridhaa, ambacho hapa hakiulizwi. Ni kweli, na kwa hiyo kwenye hati ya mashtaka naandika kwa urefu: kufanya ngono na mtoto aliye chini ya miaka 18. Ni maneno mengi. Lakini mama wa Bwaise aliyekaa benchi la nyuma anaelewa, baba wa kijana aliyeshtakiwa anaelewa pia, na hakuna kati yao anayeweza kusema baadaye kwamba alidhani ni jambo la kumalizwa nyumbani kwa mbuzi wawili na radhi za wazee.

Kwa ufupi, kabla hatujaendelea: jina zuri la kosa linamtaja mtendaji, linaonyesha tendo, na halimpaki matope aliyetendewa. Lisipopatikana neno moja, tumia sentensi.

Tabia iliyogeuzwa kosa

Kwa miongo mingi vijana wa Kampala walizolewa mitaani usiku kwa makosa mawili ambayo hayakuwa na kitendo ndani yake. Moja lilihusu kuwa mzembe na mvurugaji, la pili kuwa laghai na mzururaji. Mizizi yake iko Uingereza, katika sheria ya wazururaji ya mwaka 1824, iliyotungwa kuwadhibiti maskini waliokuwa wakitangatanga baada ya vita. Mkoloni aliileta, sisi tukaitunza.

Jaribu kumtafsiria kijana maneno hayo. "Unashtakiwa kwamba wewe ni mhuni." Mhuni kwa maana yake ya zamani ni mtu asiye na ndoa wala makazi ya kueleweka. Atajibu nini? Wengi walikiri, kwa kuwa ni kweli hawakuwa na kazi, na ni kweli walikutwa njiani usiku. Hapo tafsiri haikuwa na kosa. Tafsiri sahihi kabisa ndiyo iliyoifichua sheria, kwamba ilikuwa ikimuuliza mtu yeye ni nani, na haikumuuliza amefanya nini.

Mwaka 2019 Rais Museveni aliwaambia polisi waache kukamata watu kwa uzembe na uvurugaji. Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, pale Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji zinakwenda kinyume na Mkataba wa Afrika. Desemba 2022 Mahakama yetu ya Katiba ikavifuta vifungu vya laghai na mzururaji vilivyoruhusu mtu kushikwa kwa kushukiwa tu. Nilipowasomea wanafunzi wangu habari hiyo, mmoja, fundi viatu wa Kisenyi, aliniomba nirudie taratibu. Alikuwa amelala korokoroni mara tatu kwa neno ambalo hakuwahi kufafanuliwa.

Kizimbani tena

Kijana wa bodaboda tulimwacha amesema "kweli, nilichukua". Je, amekwisha?

Mwaka 1973 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, iliyosikiliza rufaa kutoka Kenya, Uganda na Tanzania, iliweka utaratibu katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, na mahakama za nchi zote tatu zinaufuata hadi leo. Shtaka lisomwe kwa lugha anayoielewa mshtakiwa, pamoja na vipengele vyake vyote. Jibu lake liandikwe kwa maneno yake mwenyewe, kadiri inavyowezekana. Akikubali, mwendesha mashtaka aeleze kisa kilivyokuwa, na mshtakiwa apewe nafasi ya kukubali, kupinga au kuongeza. Akiongeza jambo linaloonyesha kwamba hakulikubali kosa zima, kukiri kule kufutwe. Katiba ya Uganda nayo inataka mshtakiwa aelezwe kosa kwa lugha anayoielewa, na apewe mkalimani bila malipo.

Basi mwendesha mashtaka anasimama na kueleza: tarehe fulani, Ntinda, simu ya mkononi, mali ya mlalamikaji. Hakimu anamgeukia kijana: ndivyo ilivyokuwa? Safari hii karani hana haraka. Anageuza yote, pamoja na hila, pamoja na bila madai ya haki.

"Mheshimiwa, simu nilichukua, lakini nyabo alikuwa na deni langu la nauli. Nilimwambia aje stejini na 5,000, aichukue."

Karani anaitafsiri sentensi nzima, na "lakini" yake imo. Hakimu anapiga mstari juu ya alichokuwa ameandika. Chini yake anaandika kwamba mshtakiwa amekana shtaka, na kumwagiza mwendesha mashtaka alete mashahidi. Simu inarudishwa ndani ya bahasha yake ya kaki.